Wati Arobaini na Tisa

Nkwabi Malimi alipoachishwa kazi mwaka 1994 alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, nyumba ya vyumba vitatu isiyokwisha kule Igoma, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya: hesabu ya umeme. Mengine yote yalikuwa yanayumba. Kiwanda cha nguo alichokitumikia miaka kumi na tisa kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, na mitumba ilikuwa imejaa Mwanza nzima hata mtu akivaa kitenge kipya anaulizwa kuna sherehe gani. Wale waliomzoea kwa jina la fundi mkuu walianza kumwita mzee wa redandasi, yaani aliyepunguzwa kazini, wengine kwa utani, wengine kwa kumaanisha. Hesabu yake haikuyumba. Volti ukizizidisha kwa ampia unapata wati, yaani nguvu. Volti ukizigawanya kwa ampia unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme njia. Ilikuwa hivyo wakati wa foleni za sukari na ilikuwa hivyo sasa sukari imejaa madukani, na Nkwabi aliishikilia hesabu hiyo kwa mikono miwili.

Hakuzaliwa nayo. Alikulia upande wa Magu akichunga ng'ombe wa baba yake, na kiwandani aliingia kwa kufagia vumbi la pamba chini ya mashine za kusokota. Aliyemtoa kwenye ufagio ni Abdillah, msimamizi wa karakana ya umeme, mtu wa Kirumba mwenye kanzu safi kila Ijumaa na ulimi mkali siku nyingine zote. Abdillah alimkuta siku moja kasimama mbele ya mota iliyofunguliwa, ufagio umeegemea bega, anahesabu mizunguko ya waya kwa midomo. Akamuuliza anatafuta nini humo. Nkwabi akasema anataka kujua kwa nini waya ni mrefu hivyo wakati ungeweza kuwa mfupi. Swali hilo lilimpa kazi.

Abdillah hakufundisha kwa vitabu. Alifundisha kwa chaki, juu ya mlango wa chuma wa kabati la swichi, na alifuta kwa kiganja. Volti ni msukumo, alisema. Ampia ni mwendo. Ukinzani ni kizuizi. Ukijua viwili, cha tatu hakiwezi kujificha. Juu ya hayo alikuwa na amri moja ambayo kila kijana wa karakana aliiimba hata usingizini: anza na bamba. Kila mashine ilikuwa na bamba dogo la chuma ubavuni lenye volti na ampia zake, na hesabu yoyote ilianzia hapo. Kwa kiwanda kile amri hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kiwanda kilikuwa na transfoma yake chenyewe, kubwa kuliko chumba cha mlinzi, na sindano ya kipimo katika chumba cha swichi ilisimama pale pale asubuhi, mchana na jioni. Mia mbili thelathini. Miaka kumi na tisa Nkwabi hakuwahi kuona sababu ya kuishuku. Umeme ulikuwapo, au ulikuwa umekatika. Kiwandani hapakuwa na hali ya katikati.

Hata nyumba waliyoishi, yeye na mke wake Wilhelmina, ilikuwa ya kiwanda na ilivuta umeme wa kiwanda. Walipopunguzwa ndipo walipohamia Igoma, na baada ya mwezi mmoja wakaunganishiwa umeme kwenye laini iliyokuwa inasogezwa kufuata nyumba mpya. Nguzo yao ilikuwa ya mwisho. Kati yao na transfoma palikuwa na mafundi wa kuchomelea mageti, mashine mbili za kusaga, randa ya seremala, na majiko ya umeme ya wale waliojaliwa. Jua likizama taa zilififia. Hilo Nkwabi aliliona. Nani Igoma hakuliona? Alilifanyia hata mzaha. Alisema umeme wa Igoma una adabu za mkwe, giza likiingia unainamisha uso. Watu walicheka, naye akacheka, akakaa chini ya taa hiyo hiyo iliyofifia akala ugali wake. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri hakujua. Alijua kwa macho.

Modesta, binti yake wa mwisho, alikuwa ameolewa Magu na Yakobo, karani wa mnunuzi mmoja wa pamba kati ya wale wapya waliokuwa wamejaa vijijini na mizani zao. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba alikuja nyumbani kujifungulia kwa mama yake, ndivyo desturi ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Alidhani ana miezi miwili ya kupumzika. Alikuwa na siku tano tu. Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Juni 1995, msichana, mwepesi kuliko kuku, akabatizwa siku hiyo hiyo na muuguzi kwa maji ya bomba, akaitwa Bernadeta.

Hospitalini alikaa siku kumi na mbili. Palikuwa na boksi moja la joto na watoto watatu ndani yake, wamelazwa kichwa kwa miguu, na wengine wakaja. Nesi Paskazia, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimpima Bernadeta akaona ameongezeka kidogo, akamwambia Modesta kwamba mtoto anayeongezeka anaweza kulelewa nyumbani mradi asipoe. Akaeleza namna ya kufanya: mtoto akae ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, mchana na usiku, amefungwa kwa kanga juu, mama akichoka, abebwe na bibi, akilazwa, awekewe chupa za maji ya moto zilizovikwa soksi, zibadilishwe kabla hazijapoa. Kisha akarudia mara mbili kwamba asipoe.

Wilhelmina aliyashika maneno hayo. Alikuwa mwanamke wa Ukerewe, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia, na kwa siku tisa nyumba ile iliendeshwa na birika. Modesta alilala kakaa, mtoto kifuani kama amebandikwa. Alfajiri Wilhelmina alimpokea, akafungua blauzi, akamweka kwenye kifua chake kikavu cha bibi. Walikuwa wamechoka, macho yamewaingia ndani, nguo zinanuka maziwa na moshi. Lakini mtoto alikuwa anaongezeka. Walipompeleka kupimwa, Nesi Paskazia alisema amefika kilo moja na robo tatu, akampiga Modesta bega kwa furaha.

Na Nkwabi? Nkwabi hakuwa na kazi ndani ya nyumba hiyo. Mkwe hayupo, wanawake wana birika lao, naye akiingia chumbani wanamwambia afunge mlango upepo usiingie. Akikaa nje, wapita njia wanampa pole ya redandasi. Tuseme ukweli: mtu aliyezoea kuamriwa na kengele ya kiwanda akiachwa bila kengele anaanza kujitafutia yake. Siku ya nne alimkuta Modesta kasinzia ameketi, kidevu kimegusa utosi wa mtoto, na chupa moja imedondoka chini imepoa. Roho ikamuuma kweli. Alimpenda yule binti, tena alimpenda kwa namna ya wanaume wa rika lake, ya kutengeneza kitu badala ya kusema. Akatoka akaenda kutafuta mbao.

Boksi alilolitengeneza lilikuwa zuri. Sitalidhulumu. Lilikuwa la mbao za msonobari zilizofungiwa vipuri vya kiwandani, kuta zake mbili mbili, katikati kashindilia pamba safi ya Magu. Chini aliweka sakafu ya pili yenye matundu, na chini ya sakafu hiyo ndipo joto lingetoka. Kwanza alijaribu kwa balbu ya wati mia. Joto likakaribia lile alilolitaka, lakini mwanga ungemuumiza mtoto macho, na balbu huungua wakati wowote. Akaamua kutumia waya wa joto, kipande alichoaga nacho stoo ya kiwanda. Akakadiria kwamba wati mia na kumi na tano zingetosha. Akaketi na daftari mezani, akamwita Modesta aone, maana alitaka aone.

Alimweleza taratibu, kama Abdillah. Wati mia na kumi na tano, gawanya kwa volti mia mbili thelathini, unapata nusu ampia. Huo ndio mwendo tunaoutaka. Sasa volti mia mbili thelathini, gawanya kwa nusu ampia, unapata omu mia nne na sitini. Hicho ndicho kizuizi. Akachukua mita yake, ya mkono, yenye sindano, akapima waya kutoka ncha moja, akasogeza kidole mpaka sindano iliposema mia nne na sitini, akakata hapo hapo. Modesta alitazama na mtoto kifuani. Alimaliza darasa la saba na hesabu za kugawanya alizijua. Akazipiga kichwani akaona ni sawa. Kweli zilikuwa sawa.

Wilhelmina hakulipenda boksi. Alisema mtoto anaongezeka, sasa linatafutwa nini? Nkwabi alimjibu kwamba mwili wa mtu hauna kipimo; mtu analala, anageuka, anaumwa homa, lakini waya haulali. Alisema pia, na neno hili lilimrudia baadaye mara nyingi, kwamba hakusomea umeme miaka kumi na tisa ili mjukuu wake alelewe kwa birika. Wilhelmina akarudi kwenye birika lake. Si kwamba alikubali. Alikuwa amechoka, na kuna uchovu unaofanya mtu amwachie mwenzake ushindi ili akalale.

Walilijaribu siku tatu bila mtoto. Nesi Paskazia aliwaazima kipimajoto cha wodini, cha pekee, kwa masharti kirudi. Kila siku Nkwabi aliliwasha saa nne asubuhi na kulizima saa tisa alasiri, akiandika joto kila nusu saa. Lilipanda, likafika pale lilipotakiwa, likatulia. Siku tatu, hakuna kilichohama. Hakuona haja ya kulijaribu jioni. Kiwandani, kitu kilichopita majaribio ya mchana kilikuwa kimepita.

Ubavuni mwa boksi, kwa nje, alifunga taa ndogo ya ishara. Siku ya kuliwasha rasmi, Alhamisi, aliwasimamisha mke na binti yake mbele ya boksi akawapa maagizo. Wasilifungue ovyo kwa kuwa joto litatoka. Wasiweke chupa ndani kwa sababu maji yakivuja ni hatari. Na juu ya yote, taa ikiwaka, boksi linafanya kazi, wasiguse kitu. Taa ikizimika, wamtoe mtoto mara moja na kumrudisha kifuani. Akawauliza wameelewa? Wakasema wameelewa. Saa nne asubuhi Bernadeta alilazwa ndani. Kufika adhuhuri mashavu yake yalikuwa mekundu, na Modesta alikuwa amelala kitandani chali kwa mara ya kwanza tangu azae. Nkwabi alisimama mlangoni akawatazama wote wawili wamelala. Nadhani ndiyo ilikuwa saa yake nzuri kuliko zote za mwaka ule, na mimi simnyimi.

Mchana alikuja Chenge, mwenye chumba cha barafu huko Mwaloni, Kirumba, akasema mota yake imekufa na ana tani mbili za samaki. Nkwabi alichukua begi. Njiani alipitia hospitali akarudisha kipimajoto kama alivyoahidi. Mota ilikuwa imeungua kweli, na ilimchukua hadi usiku kuifungua, akalala huko huko kwenye magunia. Kule Kirumba, karibu na transfoma, taa ziliwaka sawasawa jioni nzima.

Alirudi asubuhi saa mbili na mkate chini ya kwapa. Nje ya nyumba palikuwa na wanawake wa jirani wamekaa chini. Akajua kabla hajaambiwa, mkate bado ameushika.

Chumbani boksi lilikuwa wazi. Aliingiza mkono. Lilikuwa na joto, joto lile lile aliloliandika siku tatu mfululizo. Taa ya ishara ilikuwa inawaka vizuri, nyeupe. Mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kitambaa, yuko mapajani kwa Wilhelmina. Walisema saa mbili usiku alinyweshwa maziwa kwa kijiko, akameza kidogo. Saa nne alikataa, wakafikiri ana usingizi. Alfajiri Modesta alimwamsha, hakuamka.

Mtoto wa siku ishirini na tatu hafanyiwi matanga marefu. Walimzika siku hiyo hiyo nyuma ya nyumba, Yakobo akafika kutoka Magu wakati udongo umekwisha sawazishwa. Watu walisema yale yanayosemwa. Walisema mtoto wa miezi saba ni wa Mungu, Mungu kamtaka. Na, kwa wema wao, walimsifu Nkwabi. Walisema hakuna babu aliyefanya alichofanya yeye. Seremala jirani alilizunguka boksi akapapasa viungo vyake, akasema kazi kama hii hata hospitali hawana. Nkwabi alipokea sifa hizo ameinamisha kichwa, na watu wakaona ni majonzi. Yalikuwa majonzi, lakini ndani yake palikuwa na kitu kingine kilichoanza kumkwaruza: kama boksi lilikuwa na joto, mtoto alikufaje? Wilhelmina alimuosha mwenyewe. Alisema alikuwa ameshakakamaa, si wa kufa alfajiri, bali tangu usiku.

Siku ya tano baada ya maziko Nkwabi alichukua mita akaingia chumbani, akachomeka nyaya zake kwenye soketi, akakaa kwenye kigoda. Wilhelmina alichungulia akamwona, akaenda zake. Saa kumi jioni sindano ilisimama kwenye mia mbili ishirini na nne. Akaiandika. Saa kumi na mbili ilikuwa mia na tisini. Saa moja, mashine za kusaga zikinguruma na majiko yote yamewashwa, ilikuwa mia na sitini na tano. Saa mbili ilikuwa mia na hamsini kamili. Aliigonga mita kwa ukucha akidhani imekwama. Haikuwa imekwama. Ilikaa hapo, na ilipofika saa nne, watu wamekula wamelala, ikaanza kupanda yenyewe. Alfajiri alipima tena, akakuta mia mbili thelathini na moja.

Hesabu iliyobaki ilikuwa fupi. Waya wake haukubadilika, omu mia nne na sitini. Volti mia na hamsini, gawanya kwa mia nne na sitini, mwendo ni theluthi moja ya ampia, tena haifiki. Zidisha kwa mia na hamsini. Wati arobaini na tisa. Asiyejua angesema msukumo umepungua kwa theluthi, basi na joto limepungua kwa theluthi. Nkwabi alijua sivyo. Msukumo ukipungua, mwendo nao unapungua kwa kiasi kile kile, na joto ni zao la vyote viwili, kwa hiyo linapunjwa mara mbili. Kati ya wati mia na kumi na tano alizomwahidi binti yake, jioni ile ya Juni, dirisha linapitisha upepo wa ziwani, zilibaki arobaini na tisa. Zilibaki hapo au karibu na hapo saa tatu au nne. Zote hizo mtoto alikuwa ndani ya kuta zilizoshindiliwa pamba, mbali na kifua cha mtu yeyote. Halafu umeme ukarudi, ukampasha joto akiwa ameshakufa.

Alilia pale pale kwenye kigoda, kimya, mdomo ameuziba kwa kofia. Siku tisa birika na vifua viwili vilimweka mtoto hai na kumnenepesha. Hesabu yake ilimmaliza kwa usiku mmoja. Na haikuwa na kosa! Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Angeweza kuipeleka kwa Abdillah, na Abdillah angeipa alama zote. Kosa lilikuwa kwenye namba ya kwanza, ile ambayo hakuipima kwa sababu alidhani anaijua, na taa zilimwambia kila jioni akazifanyia mzaha.

Hakumwambia mtu. Wiki tatu alinyamaza, na kunyamaza kulikuwa rahisi mno kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha mpa msamaha asiouomba. Nesi Paskazia alikuja kuwapa pole, akaliona boksi limefunikwa gunia barazani, akauliza kwa aibu kidogo kama wangelitoa kwa wodi. Nkwabi alisema hapana. Mama wa watu alishtuka, maana hakuzoea kumwona mkali. Ndipo akamweleza, yeye wa kwanza, kwa sauti ya chini, namba zote. Nesi Paskazia alisikiliza hadi mwisho. Alisema hospitali ina jenereta na umeme wao ni mzuri, pengine kule lingefaa. Kisha akasema jambo ambalo Nkwabi hakulitarajia: kama ana ujasiri wa kumwambia nesi, amwambie na mama wa mtoto, kwa kuwa yule anajilaumu. Alikuja kliniki kuuliza kama maziwa yake yalikuwa na sumu.

Hilo lilimkata maini. Alikuwa amejiona yeye ndiye aliyebeba mzigo, kumbe binti yake alikuwa chini ya mzigo ule ule chumba cha pili, na yeye alikuwa anamwona kila siku akipepeta mchele.

Yakobo alipokuja kumchukua mkewe, Jumapili, Nkwabi alimwomba asubiri kidogo. Akamwita Modesta barazani. Wilhelmina alikuwa anafunga mzigo mlangoni, mgongo umewaelekea. Nkwabi alikuwa ameandaa maelezo, daftari liko mkononi, lakini alipomwona binti yake amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mikono mitupu mapajani, aliliweka daftari chini.

"Modesta," alisema. "Maziwa yako hayakuwa na kitu. Mtoto alikufa kwa baridi. Boksi langu lilipoa jioni, umeme uliposhuka. Nilikosea mimi."

Modesta hakulia. Aliitazama barabara.

"Taa niliiona, baba," alisema. "Saa mbili, nilipokuwa namnywesha. Ilikuwa nyekundu, dhaifu. Nikamgusa miguu, ikawa ya baridi. Nikamwambia mama nataka kumtoa nimrudishe kifuani, na mama akasema mtoe. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema baba amesema taa isipozimika tusiguse, na baba ndiye anayejua."

Nkwabi alimtazama Wilhelmina. Yeye aliendelea kufunga mzigo, akakaza fundo, akalijaribu kwa mkono. Wiki tatu alilala naye kitanda kimoja, na neno hilo hakuwahi kumwambia. Hata sasa hakugeuka.

Kama ungekuwa pale ungemhurumia yupi? Mimi sijui. Nkwabi alikwenda pale kumpunguzia binti yake, na pengine alimpunguzia, maana uso wa Modesta ulilegea, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa kitu kichwani. Lakini pamoja na hilo palikuwa na jingine. Modesta alikuwa amemwamini baba yake kupita mkono wake mwenyewe uliogusa miguu ya mtoto, na sasa wote wawili walijua hivyo.

Yakobo alikohoa nje. Modesta aliinuka, akajifunga kanga, akamsogelea baba yake akapiga magoti kumuaga. Alimuuliza swali akiwa hapo chini, kwa adabu zote, bila hasira hata chembe.

"Baba, Mungu akinipa mimba nyingine, nije kujifungulia hapa?"

Kila baba anajua jibu la swali hilo. Ni jibu ambalo halihitaji kufikiriwa. Nyumba ya baba haimfungii binti mlango. Lilikuwa limekwisha fika mdomoni mwa Nkwabi. Lakini alijifahamu. Alijua kwamba siku mtoto mwingine akilia chumbani na yeye amekaa nje bila kazi, mikono yake itatafuta tena kitu cha kutengeneza, na Modesta atamwamini tena, kwa sababu ni baba yake.

"Usije," alisema.

Modesta aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kupanda gari na mumewe. Alizaa watoto watatu baada ya hapo. Wote watatu aliwazalia Magu, na kila mara aliyekwenda kumuuguza ni Wilhelmina peke yake.